Kitu Nilichosema Nimekikuta Chini ya Kaunta

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata nyumbani, hapa Mwembesongo. Akaniamkia vizuri, akakaa, akasema, "Mzee, kuna baa naachiwa. Mpangaji wake anaondoka. Nipe mawili matatu." Nikampa ya friji, nikampa ya leseni, akashukuru, akaenda zake. Alipotoka mke wangu Sabina akaniuliza, "Mbona hukumwambia la Mama Thekla?" Nikamjibu kwamba kijana ameuliza habari za biashara. Sabina akanitazama. "Hiyo ndiyo biashara," akasema, akarudi jikoni.

Basi nawaandikia ninyi nyote mnaotaka kushika baa ya mtu. Mnisome mpaka mwisho, maana yangu si ya kujisifia.

Mimi ni mtoto wa Gairo, nimekulia kwenye mahindi na karanga. Nilikuja Morogoro kijana nikapata kazi ya kaunta kwenye baa moja ya Msamvu, karibu na stendi ya mabasi. Nilisimama nyuma ya kaunta ile miaka kumi na minne. Wiki ya kwanza alikuja dereva wa lori, mtu mzima, akaagiza bia. Nikainama mpaka chini kabisa ya friji, nikamtolea iliyoganda jasho, nikaiweka mbele yake kwa majivuno. Akaigusa kwa kidole, akaisukuma. "Kijana, mimi nina jino."

Bosi wangu, marehemu Mzee Fidelis, alikuwa anasikia. Akaniita pembeni. "Kabla ya yote unauliza: moto au baridi? Na ukishamuuliza mtu mara moja, usimuulize tena mpaka ufe. Akirudi baada ya mwaka, unamwekea ya kwake bila neno. Hapo ndipo anapojua amefika kwao." Alinifundisha pia kufungua chupa mbele ya macho ya mteja, kamwe si kule nyuma. Na mlevi anayetafuta ugomvi usibishane naye, muulize mama yake hajambo. Nimeona majitu yenye vifua kama milango yakikaa chini na kulia kwa swali hilo.

Kwa hiyo nilipochukua baa yangu mwenyewe nilikuwa naijua kazi. Hilo mlikumbuke. Sikuharibikiwa kwa kutojua kazi.

Baa yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka geti la uwanja wa mpira. Ukikaa ndani hukuhitaji kuambiwa matokeo. Kelele ilikuambia nani kafunga na nani kakosa. Jengo lilikuwa la Mzee Shomari, mtu wa swala tano, ambaye zamani alilitumia kuhifadhia machungwa. Hakuwahi kuvuka kizingiti tangu liwe baa. Kodi alipokelea kwa fundi cherehani, upande wa pili wa barabara. "Mimi nimekodisha jengo," alipenda kusema. "Mnachokifanya humo ndani mtajibu wenyewe."

Mpangaji aliyekuwa anaondoka ndiye Mama Thekla. Mluguru wa Mgeta, mwanamke mpana, mcheshi, magoti yamemchoka. Alikuwa anarudi kwao mlimani akalime kabichi na karoti. Nilipomwendea Mzee Shomari na ombi langu, hakuniuliza uzoefu wangu wala barua. Aliuliza, "Mama Thekla anasemaje?" Akamwita, mama akavuka barabara akichechemea, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Mpe. Ana mikono safi," akasema. Mkataba ukaandikwa siku ile ile.

Mngefurahi, si ndiyo? Mimi sikufurahi. Miaka kumi na minne nimesimama Msamvu, halafu baa naipata kwa mdomo wa mwanamke ambaye hajawahi hata kuniona nikifungua chupa.

Siku ya kukabidhiana alinizungusha kila pembe. Friji ikinyamaza usiite fundi, ipige teke hapa, chini kulia. Mwalimu Beatus anakunywa ya moto. Akiomba ya tatu mwambie zimeisha, ana sukari. Kisha akaniwekea mkono begani tukasimama mlangoni.

"Haya mabenchi usiyaguse, baba. Umeona yote yanatazama barabarani?"

"Nimeona."

"Siku ya mechi watu wa timu mbili wakitazama barabara, wanaitukana barabara. Wakitazamana, watatukanana."

Niliitikia kwa kichwa huku sisikilizi. Nilikuwa nasikiliza salamu. Kila aliyepita nje alimsalimia. Mwuza maji, mwanamke mwenye ndoo, askari akiwa kazini, wote: "Mama! Mama Thekla! Unatuacha kweli?" Hakuna hata mmoja aliyemuuliza huyu mwanamume aliyesimama kando yake ni nani.

Nilimwita mchora mabango, nikamwambia afute jina la zamani aandike Gairo Pub kwa herufi nyekundu. Ilipendeza sana. Wateja wakaisifia rangi, na jioni yake nikamsikia mmoja akimwelekeza mwenzake kwa simu: "Njoo huku kwa Mama Thekla. Ndiyo, palipoandikwa Gairo."

Lakini lililonichoma lilikuja siku ya mechi ya kwanza. Baa imejaa, nimeshapanga friji tangu siku mbili nyuma kama inavyotakiwa, supu inachemka. Mara uwanja ukalipuka. Timu yetu ya mji imefunga. Watu wakaruka, na Mwalimu Beatus, mwalimu mstaafu mwenye heshima zake, akatoa simu, akapiga, akaiweka sauti ya juu.

"Mama! Tumefunga!"

Baa nzima ikapiga kelele kwenye ile simu. Kutoka huko mlimani nikamsikia Mama Thekla akicheka, nyuma yake mbuzi wanalia. "Hongereni wanangu! Kunyweni taratibu, mpira haujaisha!"

Na wakanywa taratibu! Kwenye baa yangu, bia zangu, wakanywa taratibu kwa kuwa yeye kasema.

Ikawa desturi. Goli likiingia, simu kwa mama. Nikaanza kuomba timu yetu isifunge. Mtu mwenye baa karibu na uwanja anaomba timu ya nyumbani ifungwe, mmewahi kusikia? Hata humu ndani kwangu sikuwa salama. Sabina ndiye aliyekuwa jikoni, na siku moja nikamkuta ameibana simu kwa bega huku akikoroga sufuria. "Sawa mama, mdalasini gome zima, nisiusage." Nikamwambia supu yetu haina tatizo. Akasema, "Haina tatizo, lakini wanaiacha bakulini." Supu ile ilikuwa nzuri. Nasema hivyo mpaka leo.

Nikaamua kumtoa Mama Thekla ndani ya jengo. Nilianza na kaunta yake ya saruji. Mimi na Sabina tuliivunja wenyewe Jumatatu moja asubuhi, tukachimba mpaka chini ili niihamishie ukuta wa pili. Tulikuta vizibo vya soda, kijiko kilicholiwa na kutu, na udongo. Kisha nikayauza mabenchi, nikaleta meza za plastiki za duara na viti vyake, watu wakae kisasa, wakitazamana.

Mnajua kilichofuata. Siku timu kubwa kutoka Dar ilipokuja kucheza na yetu, meza moja ikawa na wa kwao watatu na wa kwetu watatu. Hata mechi haijaanza chupa iliruka. Mmoja alishonwa sikio, runinga ikapasuka, askari wakanifungia siku mbili. Nilipofungua, Mwalimu Beatus akaja, akavuta kiti chake cha plastiki, akakaa kwa uangalifu kama anakalia yai. Nikamwekea ya moto.

"Unajua," akasema, "yale mabenchi ya Mama Thekla..."

Hakumaliza. Sikumpa nafasi. Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka sehemu gani ya mwili wangu, maana sikuwa nimeyapanga. Niliinama karibu na sikio lake, nikashusha sauti.

"Mwalimu, unadhani watu walikuwa wanajaa hapa bure bure? Nilipovunja kaunta yake nilikuta kitu."

"Kitu gani?"

"Kichungu cha uganga. Kimefungwa kaniki."

Mwalimu aliweka glasi chini. Nikamwona anavyobadilika, anavyoipitisha miaka yote ya Mama Thekla kichwani mwake na kuanza kuipaka rangi nyingine. Nami nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Ilianzia kwenye meza ya plastiki, ikapita Mwembesongo, ikapita sokoni, ikapanda mlima mpaka Mgeta. Kila mahali ilipopumzika iliongezewa mzigo. Kichungu kilinirudia baada ya wiki tatu kikiwa na kucha na nywele za mtoto ndani. Aliyenisimulia hakujua kwamba mimi ndiye niliyekizaa.

Timu ikafunga tena, na hakuna aliyetoa simu. Walishangilia, wakakaa. Nilifurahi. Siwezi kuwadanganya, nilifurahi. Usiku ule Sabina aliniuliza maneno aliyoyasikia saluni yametoka wapi. Nikamwambia watu wa mji huu hawana kazi. Akanigeuzia mgongo akalala, na mimi nikadhani amechoka tu.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, mechi ni saa kumi. Baa ilikuwa imejaa. Pikipiki ikasimama mlangoni, akashuka Mama Thekla, na fimbo mkononi. Alikuwa amepungua. Mtu aliyekaa karibu na mlango akavuta kiti chake nyuma ili nguo ya mama isimguse, na nilimwona mama akiliona lile.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Nimekuja kukichukua kitu changu."

"Kitu gani, mama?"

"Hicho ulichokikuta chini ya kaunta. Nimekaa humu miaka kumi na tisa sijui kama ninacho. Nataka nikione na mimi."

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Watu wote wananitazama, Mwalimu Beatus ananitazama, na mlango wa kusema kweli uko wazi kabisa mbele yangu. Nikasema, "Nilikitupa, mama. Mtoni."

"Sehemu gani ya mto? Atumwe mtu."

"Maji yameshakichukua."

Akatikisa kichwa polepole, akatafuta pa kukaa. Hakuna aliyempisha kiti. Ndipo Sabina akatoka jikoni, upawa wa supu ungali mkononi unadondosha matone sakafuni. Hakupaza sauti.

"Baba Ester, kaunta ile tuliivunja wawili. Mimi ndiye niliyeuzoa ule udongo kwa mikono hii. Tulikuta vizibo na kijiko. Kijiko kiko jikoni, nikilete?"

Nadhani kama angenipiga kwa ule upawa ningeumia kidogo kuliko hivyo. Na mjue nilichofikiri kwanza. Sikufikiri aibu. Nilifikiri: hata mke wangu ni wa kwake.

Mwalimu Beatus alisimama. Akamwendea Mama Thekla, akampa kiti chake kwa mikono miwili, kisha akanigeukia. "Nilifundisha miaka thelathini na tano," akasema, "na bado nilikuamini." Akatoka. Wakatoka mmoja mmoja, wengine wakiacha chupa nusu. Nje mashabiki walikuwa wanapita kuelekea getini wakipuliza mavuvuzela, na ndani nimebaki mimi, wanawake wawili na friji zilizojaa.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Nilikukosea nini?"

Jibu langu lilikuwa la kitoto. "Walikuwa wanakupigia simu," nikasema. "Kila goli."

Akanitazama kama hajanielewa. Kisha akanielewa, na uso wake ukachoka zaidi. "Ungeniambia tu," akasema. "Ningeacha kupokea."

Alituambia yaliyompata. Kwenye jumuiya ya kanisa wanakaa naye mbali. Nyumba ya jirani wamewakataza watoto kuchota maji kwake. Kabichi anazoshusha mjini zinarudi, nyingine zinaozea kwenye meza yake sokoni. Nikasema tena anisamehe, nikataka kupiga magoti. Akanizuia kwa fimbo.

"Hapa umeshasema. Lakini maneno yako hayapo hapa, baba. Yako Mgeta. Njoo uyafuate."

Jumamosi iliyofuata nilifunga baa, nikapanda lori la mboga lililokuwa linarudi tupu. Barabara ilikuwa utelezi; sehemu mbili tulishuka tukasukuma. Nililala kwa katekista. Jumapili baada ya ibada, wakati wa matangazo, akaniita mbele. Nikasimama mbele ya watu wa mlimani, kina mama na vitenge vyao, wazee na makoti yao ya baridi, nikasema: mimi ndiye mwenye baa ya karibu na uwanja. Nilisema nimekuta uchawi wa Mama Thekla. Sikukuta kitu. Nilisema uongo kwa sababu ya wivu.

Mzee mmoja wa benchi la nyuma akasimama, mkono sikioni. "Rudia, mwanangu. Huku hatujasikia."

Walikuwa wamesikia, na yeye alikuwa amesikia. Nikarudia yote, kwa sauti, tangu mwanzo.

Nje, wanawake walimzunguka Mama Thekla. Wengine walimkumbatia, mmoja alilia akimshika mikono yote miwili. Mimi nilisimama ukutani peke yangu, na hapo hapo, wanangu, nimetoka kutubu hata jasho halijakauka, nikamwonea wivu tena. Nilimwona anavyopendwa nikauma meno. Nawaambia hili kwa sababu kuna watu watawaeleza kwamba ukishakiri unapona. Mimi sikupona. Nilijifunza tu kumnyamazisha yule mdudu anapoamka.

Mama Thekla akanijia. "Bado sokoni," akasema.

Jumatatu alfajiri tulishuka na magunia ya kabichi. Nikakaa kando yake kwenye meza yake pale sokoni mjini, mimi mwenye baa, aproni kiunoni. Nilizipanga kabichi, yeye akazipangua. "Zenye majani ya nje mabichi ziweke mbele. Mtu ananunua kwa jicho." Kila aliyesita nilimweleza. Wengine walinicheka usoni. Mwuza nyanya wa jirani aliwaita wenzake waje kunisikiliza, nikawasimulia mara ya tano. Kijana mmoja alinunua mbili, nadhani kwa kunihurumia. Mpaka saa saba gunia la kwanza lilikuwa limeisha, na mama alikuwa amecheka mara moja.

Kisha akaja mwanamke mmoja wa makamo, na kikapu mkononi. Akachagua kabichi, akaipima kwa mkono, akamtazama Mama Thekla, akasita. Nikamwambia kila kitu, polepole, bila kujificha. Alinisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akairudisha kabichi mezani, akajifuta mikono kwenye khanga yake.

"Nimekusikia, baba," akasema kwa adabu. "Lakini lisemwalo lipo." Akasogea meza ya pili.

Niliinuka nimfuate. Mama Thekla akanishika shati.

"Muache. Huyo hatumrudishi tena." Akaiinua ile kabichi, akaigeuza upande wake mzuri, akaiweka mbele. "Hawa waliobaki ndio tutakaowauzia."

Nilishika ile baa miaka mingine tisa, mpaka macho yalipoanza kunisumbua. Nilitengeneza mabenchi mapya, nikayaelekeza barabarani. Wateja walirudi taratibu. Mwalimu Beatus alichukua karibu mwaka. Simu za magoli zilianza upya, na zilipoanza nilikuwa natoka nyuma kupanga kreti mpaka wamalize. Mama Thekla hakukanyaga tena pale. Sabina humtembelea, hurudi na karoti.

Yule mwanamke wa kikapu nakutana naye sokoni mara kwa mara, nikienda kumsalimia mama mezani pake. Huwa ananiuliza hali, ananiuliza watoto, mtu mwema kabisa. Akimaliza kunisalimia anazunguka meza ya Mama Thekla kwa mbali, anakwenda kununua kabichi kwa jirani.